Acheni Pindo

Wanangu, na nyinyi wajukuu zangu mnaopita hapa barazani mkinisabahi huku macho yamebaki kwenye simu, kaeni kidogo. Sitawaweka sana. Nimekaa nyuma ya cherehani hapa Mkunazini zaidi ya miaka 40, na fundi ni mtu anayejua mambo ya watu bila ya kuuliza. Futi huniambia nani kakonda kwa mawazo na nani ana mimba kabla mkwewe hajajua. Zaidi ya yote namjua mwenye kujitayarisha na mwenye kukurupuka, maana wote wawili huingia kwangu kwa mlango mmoja. Wa kwanza huja mwezi wa kumi, akakaa, akanywa kahawa, tukazungumza mshono. Wa pili huja tarehe 23 Desemba baada ya isha, kitambaa kakibana kwapani kama kuku wa kuiba, na neno lake ni moja: "Babu, nisitiri."

Nimewasitiri wengi. Sasa siwasitiri tena, na sababu nitawaeleza. Macho hayaoni tena tundu ya sindano, uzi natungiwa na mjukuu. Kabla sijaliacha baraza hili nataka niwaambie Krismasi huanza kutayarishwa lini, kwa sababu kila mwaka mnabishana, na kila mwaka mnakosea kwa namna ile ile: ya kuanza mapema mnayachelewesha, na ya kuchelewesha mnayaanza mapema.

Tazameni jirani zetu. Sisi Wakristo wa Unguja ni wachache, na wateja wangu wengi ni Waislamu, kwa hivyo nimezishona sikukuu zao kuliko nilivyoshona za kwetu. Jirani yangu hajui Idi ni lini. Ndiyo hali yake kila mwaka: usiku wa kuamkia mwezi 30 watu wanautafuta mwezi angani, ukiandama, kesho sikukuu, usipoandama wanafunga tena siku moja. Ana usiku mmoja tu wa kujua. Lakini nendeni nyumbani kwake usiku huo. Kanzu za watoto zilishonwa tangu Shaabani. Kofia ya kiua ya mumewe, ile inayoshonwa kwa mkono tundu baada ya tundu, imekaa mapajani mwake miezi. Akimaliza ya Idi hii huanza ya Idi ijayo. Vileja vimo ndani ya kopo, visheti vimefunikwa, ngano ya bokoboko imo majini. Mwezi ukiandama, yeye huwasha jiko tu. Najua Darajani usiku ule hapapitiki. Wanaokimbia wapo na huko; kukurupuka hakuna dini. Mimi nawasemea wale waliotulia.

Sisi je? Siku yetu ni 25 Desemba. Haingojei mwezi wala haizuiwi na wingu. Imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani tangu Januari, na tunapita mbele yake kila siku tukienda kuoga. Na bado inatukuta kama mgeni wa usiku wa manane. Asiyejua siku yake yuko tayari, anayeijua anatafuta viatu vya mtoto mkesha. Hilo limenishangaza maisha yangu yote.

Msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Kosa langu nitalitoa mwenyewe.

Mwaka 2000 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Novemba. Krismasi ikaangukia ndani ya kumi la mwisho, na Idi ikafuata siku mbili tatu baadaye. Sijaona mwaka mwengine kama ule: kanzu na gauni kwenye kamba moja, na kila mwenye kitambaa ana rubuni mkononi. Pesa tamu, wanangu. Nikapokea. Nikapokea hata pale daftari liliponiambia basi. Kila mmoja nilimwambia aje keshokutwa. Alfajiri ya Krismasi lilikuwa limebaki gauni moja, la mtoto wa miaka saba, la waridi, lenye marinda. Marinda nimeyapiga, zipu nimeitia, pindo sikuliwahi. Mama yake kasimama mlangoni na kengele inalia. Nikalikunja pindo lile nikalibana kwa pini, moja, mbili, mpaka kumi na tano, nikamwambia mtoto, "Usikae sana."

Mtoto akanisikiliza. Nilimwona kanisani, safu ya tatu. Watu wakikaa, yeye kasimama. Watu wakipiga magoti, yeye kasimama, kashika ubao wa benchi la mbele, anaogopa kuchomwa. Ibada nzima ya Krismasi sikusikia neno la padri. Nilikuwa nahesabu pini.

Tangu mwaka ule nimeweka sharti: ikishapita Jumapili ya kwanza ya Majilio, kitambaa cha Krismasi sikipokei, hata uje na gunia la pesa. Walionuna wamenuna. Lakini hapana mtoto mwengine aliyesimama ibada nzima kwa sababu yangu.

Basi sikilizeni, nianze na pesa, maana ndiyo inayowatia jasho.

Pesa ya Krismasi huanza kuwekwa tarehe 26 Desemba. Msicheke. Siku ya pili yake, sahani hazijakauka, tafuta kibubu cha udongo ukitie elfu moja ya kwanza. Elfu moja kila Jumapili ni shilingi 52,000 kwa mwaka. Elfu mbili ni 104,000. Si utajiri, lakini ni pesa isiyodaiwa na mtu. Na kibubu nakipenda kwa sababu hakina mlango. Ukitaka kujiibia sharti ukivunje, na mlio wake utasikika nyumba nzima. Mnaocheza mchezo wa kupokezana, ombeni zamu ya Novemba, msiombe ya Desemba. Pesa inayofika Desemba hukuta bei zimeshapanda ngazi.

Asiyeweka hukopa. Siku hizi kuna mikopo ambayo wenyewe mmeipa jina la kausha damu, na bado mnaipangia foleni. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Krismasi ya mkopo huliwa mchana mmoja na hulipwa Januari, na Januari kwetu si mwezi wa kuchezea. Skuli zinafungua, sare na madaftari vinangoja, mwenye nyumba anabisha hodi, na sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 inakukuta huna hata nauli ya daladala. Mtoto uliyemvisha vizuri tarehe 25 anarudishwa nyumbani hana daftari. Ulimpa nini?

Sasa nguo, kazi yangu. Kitambaa kinunuliwe Septemba au Oktoba. Nendeni Mchangani na Darajani wakati muuzaji ana nafasi ya kukukunjulia majora matatu, ukagusa, ukakiangalia kwenye mwanga wa jua, mkatetana bei. Desemba hakukunjulii, anakutajia bei huku anamtazama aliye nyuma yako. Fundi naye mpeni wiki nane. Akiwa na nafasi atakupima mara mbili. Akiwa hana, atakupima kwa jicho, na jicho la fundi aliyekesha linaona watu wote sawa.

Chakula kina hesabu yake, na hapa sisemi kila kitu kianze mapema. Vikavu vitangulie: mchele, samli, sukari, hiliki, mdalasini, vyote viwe ndani mwezi wa Novemba. Hiki ni kisiwa. Vitunguu na viazi vingi tunavyokula vinavuka bahari kutoka Bara, na wiki ile ya mwisho meli zimejaa watu na mizigo. Isitoshe, Desemba ndipo hoteli za pwani zinapofurika wageni. Mpishi wa hoteli na mama wa nyumbani wanakutana Marikiti mbele ya kuku mmoja, na mwenye pesa nyingi si mama. Vileja na visheti vifanywe wiki moja kabla, vinakaa. Nyama na wali ni vya asubuhi yenyewe. Pilau iliyopikwa mkesha haimheshimu mtu.

Lakini hiyo nyama ya asubuhi ina jambo lake la kutangulizwa. Mbuzi na kuku wa Krismasi, nyumbani kwetu tangu enzi za wazee, huchinjwa na jirani Mwislamu. Wazee hawakufanya hivyo kwa kumwogopa mtu. Walitaka sahani itakayotoka mlangoni iliwe kule inakokwenda. Sahani isiyolika ni tusi lililofunikwa kawa. Basi mwendeeni jirani wiki moja kabla, mkae naye, mkubaliane saa. Msimgongee alfajiri kama mnaita mtumishi. Mimi futari nimeletewa Ramadhani zote tangu nioe, na sahani yake sikuirudisha tupu hata mara moja. Mwaka ule wa 2000 sahani zetu hazikutoka mchana. Tulizifunika tukangoja magharibi, zikaingia kwa jirani wakati wa kufuturu. Andikeni na hili: kwa hesabu ya kalenda, Krismasi za 2031 na 2032 zitakuwa ndani ya Ramadhani tena. Mimi huenda nisiwepo. Nyinyi mtakuwepo, na isije ikawa mnapitisha harufu ya pilau saa sita mchana mbele ya baraza la waliofunga.

Yapo matayarisho mengine ambayo hayana duka. Nyumba nyingi za mji huu zina chumba kimoja kilichofungwa kwa ugomvi wa urithi: ndugu wawili, ngazi moja, na hawasalimiani. Mkesha wa Krismasi ndipo mmoja anapokumbuka kwamba mezani kuna kiti kitupu, anamtuma mtoto na sahani ya biskuti. Mwenzake anaipokea, na moyoni anajua kaitwa ili picha ijae. Ukimwendea Oktoba, mikono mitupu, hapana sikukuu wala wageni, atajua umekuja kwa ajili yake. Huenda akakufukuza. Basi utakuwa na Novemba nzima ya kurudi. Hilo nalo ni jambo la kuanza mapema kama pesa na nguo, kwa sababu watu hawapoi kwa siku moja.

Kwa hili kanisa limetupa muda. Majilio yana Jumapili nne, ya kwanza huwa kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Padri huvaa zambarau, nyimbo ni za kungojea. Ni wakati wa kujizuia. Jirani anafunga siku 29 au 30 kabla ya kula sikukuu yake, na ndiyo maana bokoboko ya asubuhi ile ina ladha. Nyinyi mnataka kula bila ya kungojea. Novemba haijafika katikati, maduka yameshafungulia nyimbo za Krismasi, na nyinyi mmeshautoa mti wa plastiki uliopakwa theluji ya pamba, katika joto hili la vuli linalosubiri kaskazi. Taa sizikatazi, zinapendeza. Lakini mti uliowashwa tangu Novemba, ikifika tarehe 25 hata paka haushangai. Tarehe 26 mnaukunja, mnasema imekwisha.

Haijakwisha. Ndiyo kwanza imeanza. Kwa desturi ya kanisa Krismasi ni siku 12, mpaka inapoingia Epifania tarehe 6 Januari. Jirani zetu wana sikukuu mosi, pili, tatu na nne, na watoto wao hubadilisha nguo kila siku. Sisi tuna 12 na tunatumia moja. Nawasemea hasa nyinyi mnaofanya kazi Nungwi, Paje na Kiwengwa. Tarehe 25 nyinyi ndio mnaobeba sinia za wageni. Nyumbani mama anatazama mlango, analia. Kwa nini alie? Kaeni pamoja mapema, Oktoba, kabla hoteli haijapanga zamu, mchague siku yenu: tarehe 28, tarehe 2, yoyote mliyo nayo. Iitwe Krismasi ya nyumba hiyo na mtoto avalie nguo yake siku hiyo. Mgeni wa Ulaya kalipia chumba tangu katikati ya mwaka; nanyi lipieni siku yenu mapema kama yeye.

Na msiwaachie wengine kila kitu kwa kuwa mmetuma pesa kwa simu. Nendeni mkalitazame kanisa letu hapa Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi mahali pale pale palipokuwa soko. Waliolijenga hawakusema Krismasi imefika na hatuna kanisa. Waliweka jiwe moja, wakarudi kazini miaka. Askofu Steere aliyelisimamia alifariki mwaka 1882, kazikwa nyuma ya madhabahu. Ukiingia, tazama upande wa kisima cha ubatizo: kuna nguzo 12 fupi. Zimesimama kichwa chini. Wanasimulia kwamba mafundi walizisimamisha wakati askofu yuko safarini, aliporudi akaona, akaziacha. Nguzo ni zile zile zilizonunuliwa, kazi ilifanywa, pesa ilitoka. Kilichokosekana ni macho ya mwenye kazi. Mnaponiambia "nimeshatuma pesa, babu," mimi huzikumbuka nguzo zile.

Sasa mmoja wenu ataniuliza: kama kuanza mapema ni kuzuri, kwa nini nisilete kitambaa cha mtoto Machi, tukamaliza? Hapo ndipo ufundi ulipo. Mtoto wa Machi si mtoto wa Desemba. Nimeona akina mama hodari wa kutangulia, nguo imeshonwa mapema, imekunjwa sandukuni na karafuu dhidi ya nondo. Siku ikifika mikono imefupika, kifua hakifungi, mtoto analia na mama analia. Mapema bila ya nafasi ni hasara kama kuchelewa. Watu wa majahazi walilijua hili. Upepo wa kaskazi huwaleta kutoka Arabuni, na kusi huwarudisha. Nahodha hawezi kuuharakisha upepo, lakini tanga hulishona kabla haujavuma, na kamba zake huacha ziada ya kulegeza.

Mimi naiita ziada hiyo pindo. Ukiweka pesa, acha pindo: kidogo cha mgonjwa atakayetokea, maana atatokea. Ukipika, acha pindo: sahani mbili za mtu usiyemwalika. Ukipanga siku, acha pindo: meli inaweza kuchelewa, mwenye kiti kitupu anaweza kuja tarehe 3 badala ya 25. Anayetayarisha bila ya pindo, kitu kimoja kikiharibika hugombana na nyumba nzima.

Yule mtoto wa pini sasa ni mama. Mwaka jana, Septemba, alipanda baraza hili kashika mkono wa bintiye na mita mbili za kitambaa cha waridi. Hakusema lolote juu ya mwaka 2000, na mimi sikusema. Nilimpima mtoto. Nilipofika chini, kwenye urefu, mama akaniwekea kidole juu ya futi, akakisogeza mbele inchi mbili.

"Hapa, babu," akasema. "Atakuwa keshakua."

Nikalishona pindo kwa mkono, mshono mpana wa kufumuka kwa urahisi. Desemba 20 walikuja kujaribisha. Tukafumua inchi moja na nusu. Ile nusu iliyobaki bado imo ndani ya gauni, inangoja mdogo wake.

Haya, nendeni. Leo ni tarehe ngapi?